Korona ilitukuta wakulima hatujaandikwa popote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Juzi kijiweni hapa Isyonje jamaa kasoma kwenye simu habari za wakulima wa Marekani, eti 2020 korona ilipopiga serikali yao ilitenga dola bilioni 19, na bilioni 16 kati ya hizo zilikuwa za kuwalipa wakulima wenyewe mkononi. Watu wakacheka, mmoja akasema uzushi wa mtandaoni huo. Sio uzushi, ilikuwa kweli, na kilichowapata ndo hicho hicho cha kwetu, mahoteli na mashule yamefungwa, chipsi hazikaangwi, kule Idaho hadi kuna mkulima alimwaga malundo ya viazi watu waje wabebe bure.

Mimi mwenyewe nalima viazi. Mwezi wa tano mwaka ule nimeshachimba, magunia yapo barabarani nimefunika turubai, dalali wa Dar hapokei simu na akipokea ananiambia chipsi hazitoki subiri kwanza. Nikasema basi nitafute mteja wa Tunduma, tarehe 11 Zambia nao wakafunga mpaka wao wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, zilikuwa siku chache tu ila kiazi hakina subira jamani, jua likikipiga kinakuwa kijani, mvua ikikipiga kinaoza. Nikauza lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, kwa bei ambayo hata hela ya vibarua haikurudi, na mke wangu mpaka leo akitaka kunichokoza ananitajia hiyo bei.

Sidai nilipwe saa hizi, yameshapita. Wala sisemi ya Marekani ilikuwa haki tupu, maana walilipwa kwa kuangalia wingi wa mazao na mifugo, mwenye kingi akabeba kingi, mtu mmoja mpaka dola 250,000. Ila wale walilipika kwa sababu wameandikwa, inajulikana huyu analima nini, eka ngapi. Mimi 2020 nani angenilipa na kwa kipimo gani? Shamba la urithi halina karatasi, nauza kwa dalali keshi mkononi, risiti naitoa wapi? Hata serikali ingetaka, hela ingeishia kwa wenye mdomo. Zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO, yaani za korona, za 2021 zilijenga madarasa 15,000, sawa kabisa, wanangu wanasomea humo, maana darasa linahesabika, sisi tulikuwa hatuhesabiki.

Sasa lakini tumeandikwa! Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapa hapa Mbeya Nane Nane ya 2022, tukapanga foleni kwa mtendaji, jina, eka, zao, namba ya simu, mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, tukachukua kwa 70,000. Mbona lile daftari kazi yake iwe mbolea tu? Mhariri tuulizie wahusika, siku mpaka ukifungwa tena kwa nini mtu asitumiwe chochote kwenye simu kwa eka alizoandikisha, na kuwe na ukomo mdogo sio huo wa dola laki mbili na nusu, mwenye eka 100 asije akameza ya kijiji kizima.

Ila kwanza lisafishwe. Kuna watu wameandikisha eka 10 na mie najua wana tatu, mbolea ya ziada inaishia kuuzwa pembeni. Majina yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, eka kwa eka, mbele ya majirani, maana mipaka ya mashamba sisi tunaijua kuliko hiyo kompyuta.

Mkulima wa viazi,
Isyonje, Mbeya