Baiskeli ya Mzee tusiipake rangi

Tabora

Swahiba wangu wa siku nyingi,

Salaam sana. Huku hatujambo, watoto wanaendelea na shule. Mama nilipita kumjulia hali Ijumaa baada ya swala. Mgongo umepungua kumsumbua, anakusalimu, na anasema simu zako za haraka haraka hazimtoshi, anataka akuone kwa macho. Nami nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na ningependa ulisome ukiwa umetulia.

Ni ile baiskeli ya Mzee. Uliniambia niitoe stoo, niipeleke kwa wapaka rangi wa magari, waipige grainda ibaki chuma kitupu, halafu waipulizie nyekundu ya kung'aa. Kuitoa nimeitoa. Ya grainda sijafanya, na nakuomba unisikilize kwanza kabla hujakasirika.

Niliikuta nyuma ya magunia ya mkaa, matairi yamepasuka, mnyororo umegandamana kwa kutu, siti ya ngozi imekauka hadi kingo zimekunjamana. Kwa kuitazama tu ungesema ni ya kuuza kwa wanunua vyuma chakavu. Lakini fremu ni nzima, na hilo silisemi kwa kukufurahisha. Fundi wetu wa Isevya alichukua uzi, akaufunga pale inapokaa ekseli ya nyuma upande wa kushoto, akaupitisha mbele kwenye shingo ya fremu, akaurudisha nyuma hadi upande wa kulia, akaukaza. Kisha akapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, huku na huku. Vipimo vikalingana. Unakumbuka mizigo iliyopanda kwenye ile keria? Magunia ya mahindi, madumu ya asali, mara moja hadi kitanda cha kamba. Na bado fremu imenyooka. Hata ingekuwa imepinda kidogo tusingekata tamaa, maana chuma cha aina hii kinanyooshwa taratibu kikarudi mahali pake.

Sasa rangi. Kwenye bomba la juu, karibu na siti, kuna sehemu pana kama kiganja ambapo rangi ya kijani imelika mpaka chuma kinaonekana. Hapo ndipo ulipokuwa unakaa wewe, miguu umeiweka upande mmoja, Mzee akikushusha shuleni kabla hajaenda stesheni kazini. Mbele kidogo kuna alama ya kamba ya mfuko wake wa chakula. Shingoni nembo ya Raleigh bado ipo, yule ndege wa shingo ndefu unamwona kabisa ukimfuta vumbi. Grainda itafuta vyote hivyo kabla ya saa sita mchana, na hakuna mpaka rangi duniani atakayevirudisha. Tena kuna sababu ya kiufundi. Mabomba ya fremu hii ni membamba, kuta zake hazifiki milimita 2, na kwenye viungio yameshikanishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Kijana mwenye haraka akiweka jiwe la grainda pale, anakula chuma mahali hasa panapobeba uzito wa mtu.

Nilichofanya ni hiki. Nimeosha fremu kwa maji na sabuni, nikaikausha juani, madoa ya kutu nikayafunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya ndimu vikalala usiku kucha. Asubuhi kutu ilitoka kwa brashi ya meno tu. Usukani na ncha za foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ni chuma chenye kromu, hivyo nilivisugua kwa foili iliyokunjwakunjwa na maji, vikarudi kung'aa, ingawa vitundu vidogo vidogo vimebaki na vitabaki. Baada ya hapo nikapaka nta ya nyuki, ambayo kwetu huku haijawahi kuwa shida kupatikana. Niliiyeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, nikaitoa kabisa jikoni, ndipo nikatia tapentaini, kwa sababu tapentaini na moto havikai pamoja. Ikipoa inakuwa laini, unaipaka kwa kitambaa cha khanga kuukuu, unasubiri, unasugua. Ndugu yangu, ile kijani imerudi! Imekolea, imetulia, na maji ukiyamwagia yanateleza. Pale palipolika napo pamefunikwa na nta, hapatashika kutu tukiendelea kupapaka kila masika yakikaribia.

Siti nayo nimeipa nta iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe, upande wa chini zaidi kuliko wa juu. Inalainika polepole. Usiniulize itakuwa tayari lini, ngozi haiharakishwi.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya krenki, pale zinapofungwa pedali. Ile mikono yake imeshikwa na kota pini, vipande vya chuma vinavyopigwa kama kabari, na kota pini ikikaa miaka bila kuguswa inageuka kuwa kitu kimoja na chuma mwenzake. Mafundi wengi wanaipiga nyundo hewani hewani, pini inapinda, gololi zinachimba vikombe zinamozungukia, na baiskeli haizunguki vizuri tena. Fundi wetu alitia mafuta ya kulegeza kutu, akaondoka akaenda kula. Aliporudi akasimamisha kipande cha bomba nene kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, pini ikapata nafasi ya kushukia ndani ya bomba, ili nguvu yote iishie sakafuni badala ya kuingia kwenye gololi. Akapiga pigo moja zito. Pini ikashuka. Nilipiga makofi mimi peke yangu pale chini ya mwembe.

Kikombe cha upande wa mnyororo kinafunguka kinyume, yaani kwa kufuata mshale wa saa, na hicho nilimwomba asikitoe kabisa. Baiskeli nyingi za Raleigh za Nottingham za miaka hiyo zina tredi zao wenyewe, yaani mistari ya kukazia kama ya skrubu, 26 kwa inchi, wakati za wengine ni 24. Kiwanda kile kiliacha kuunda baiskeli mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kikombe tukikiharibu hatuna pa kukipata dukani. Tulikisafisha kwa dizeli kikiwa mahali pake, tukamulika kwa tochi, tukakuta uso wake hauna mashimo. Tumetia gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Sasa ukizungusha kwa kidole inazunguka kimya.

Pale ninapohitaji neno lako ni kwenye magurudumu. Rimu za Mzee ni za inchi 27, na kipenyo cha pale tairi inapokalia ni milimita 630. Hapa Tabora yamejaa matairi ya 28 ya Phoenix, lakini yale ni ya 635, yanapwaya. Yale ya 700C yanayokuja na baiskeli za mbio za mitumba ni ya 622, hayaingii hata ukiyavuta kwa meno ya simba. Ukiyaweka yote matatu ukutani macho hayaoni tofauti, na ndiyo maana watu wengi wanauziwa yasiyowafaa. Ushauri wangu ni tununue rimu mpya za alumini za 700C, matundu 36, tuzisuke kwenye habu zilezile za Mzee, vile vitovu vya magurudumu. Vipira vya breki vitashuka milimita 4 tu, na nafasi ipo, nimepima. Rimu ikiwa ndogo inatuachia nafasi ya tairi nene la milimita 32 au 35, ambalo ndilo litakaloweza mchanga wetu. Na breki zitashika hata kukiwa na mvua, kitu ambacho rimu za chuma hazijawahi kutupa. Za zamani sizitupi, zitabaki zimetundikwa kwa Mama.

Usukani nauacha kama Mzee alivyougeuza, pembe zikiangalia juu. Najua wenye baiskeli za mbio hawapendi, lakini yeye aliona mbali barabarani na mgongo wake haukulalamika, nasi hatuendi mashindanoni.

Tunakwenda Kwihara. Hilo ndilo nililolipanga tangu siku niliyoitoa stoo. Uje Juni au Julai, asubuhi bado kuna kibaridi na njia ni kavu. Wewe utapanda ya Mzee, mimi Phoenix yangu, tutoke Ng'ambo baada ya chai, tusikimbizane na bodaboda. Panapokuwa na mchanga mwingi tutashuka tukokote. Tukifika tutakaa kwenye kivuli cha tembe, pale Livingstone alipokaa tangu Stanley alipoagana naye Machi 1872 hadi Agosti, akingoja wapagazi wafike kutoka pwani. Tulipelekwa pale tukiwa watoto wa shule, tukapita mbio mbio tukisukumana, mwalimu nyuma na fimbo. Safari hii nataka tukae mpaka jua lipungue.

Basi nijibu kuhusu rimu mapema, ili fundi asichukue kazi nyingine. Ukikubali, pita Kariakoo utafute rimu mbili, spoki 72 na nipeli zake, waya za breki na vipira vinne, uvifunge vizuri umpe kondakta wa basi la Tabora, kisha unitumie namba ya basi. Matairi usinunue kabla sijakuambia upana, nataka kwanza nipime nafasi kwenye foku gurudumu likiwa limefungwa. Na mpigie Mama leo hii, usingoje Jumapili.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi swahiba wako