Kazi ya nyumbani irudi kwenye daftari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu tunalilalamikia karibu kila siku, huku tukisahau kwamba tumeshiriki kulileta. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 16 kazini. Mitandao ya kijamii inapotajwa pamoja na wanafunzi, lawama huangukia watoto peke yao: hawataki kusoma, simu zimewaharibu. Naamini sehemu kubwa ya lawama hiyo ni yetu watu wazima, na mfano nitakaoutoa ni wa darasani kwangu mwenyewe.

Muhula uliopita niliwatumia wanafunzi wa Kidato cha Pili sentensi tano za kuchanganua, kupitia kundi la WhatsApp la darasa. Mojawapo ilikuwa "Mtoto yule alikimbia haraka." Nilipokusanya madaftari 46 nilikuta katika 31 kati yake neno "haraka" limeitwa kivumishi. Kosa hilo ni la kawaida, na kama ningelikuta katika madaftari sita au saba nisingeshtuka. Kilichonishtua ni kwamba katika madaftari hayo hayo 31 neno "yule" halikuwapo kabisa. Mwanafunzi mmoja alilisahau alipokuwa akinakili swali, akapiga picha ukurasa wake saa tatu usiku na kuutuma kwenye kundi, na wenzake wakaunakili kama ulivyo, bila hata mmoja wao kurudi kwenye ujumbe wangu, uliokuwa juu kidogo tu katika kundi hilo hilo, aangalie sentensi yenyewe inasemaje. Nilipowauliza hawakukana. Msichana mmoja, tena miongoni mwa wanaofanya vizuri, aliniambia kwa utulivu: "Mwalimu, jibu lilishakuja, sasa ningefikiria nini tena?" Swali hilo bado ninalo moyoni.

Utaratibu wa makundi hayo hatukuletewa na wanafunzi. Katika shule yetu tuliuanzisha walimu mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na kwa miezi ile mitatu na zaidi ulikuwa njia pekee tuliyokuwa nayo ya kuwafikia baadhi ya watoto. Mwishoni mwa Juni shule zikafunguliwa, makundi yakabaki. Kwa kuwa karatasi za kudurufu hazitoshi, ilikuwa rahisi kuendelea kutuma maswali jioni kwa simu, nami nimefanya hivyo kwa miaka. Matokeo yake ni kwamba mchana tunamkataza mwanafunzi kuja shuleni na simu, ikikamatwa tunaichukua na kumwita mzazi, kisha jioni tunamdai kazi ambayo haipatikani ila kwenye simu. Anayeumia zaidi ni yule ambaye kwao simu janja ni moja, nayo ni ya baba anayerudi saa nne usiku.

Simu anayoifungua ili asome swali la hisabati ndiyo hiyo hiyo yenye Instagram na TikTok. Kitabu kina sura, na sura ina mwisho wake. Video fupi hufuatana zenyewe, kwa kuwa programu hizo zimeundwa zisiwe na mahali pa kuishia. Hapo liongeze suala la bando. Vifurushi vya usiku huuzwa kwa bei nafuu kuliko vya mchana, kwa hiyo mtoto mwenye shilingi chache husubiri saa sita ifike ndipo ajiunge. Kipindi cha kwanza asubuhi naviona vichwa vimelala juu ya mikono kabla jua halijapata ukali, na nikimgusa mmoja begani hunyanyuka akiwa na alama ya kifungo cha shati shavuni. Mtoto huyo hafundishiki saa ile, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Wengi hukazania tahajia, ile "xaxa", "cjui" na "2po" ambayo sasa imeingia hadi kwenye insha. Naisahihisha kila wiki, lakini hainisumbui sana, kwa sababu mwanafunzi anayeandika "cjui" kwa rafiki na "sijui" kwa mtahini anaijua lugha yake vizuri. Ninachokihofia ni kupungua kwa pumzi ya kusoma. Tamthiliya ya kurasa themanini wanaiona ndefu mno, wanaulizana nani ana uchambuzi, na uchambuzi huo ukishapita kwenye kundi, kitabu chenyewe hakifunguliwi tena.

Siombi mitandao ifungwe. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake, na kwa shule ambako wanafunzi watano hugawana kitabu kimoja hilo ni jambo kubwa. Australia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Kwetu, kabla ya kufika huko, tuanze na laini: mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili hana kitambulisho cha NIDA, hivyo laini anayotumia ilisajiliwa kwa alama za vidole za mzazi, mjomba au dada yake. Aliyeweka kidole chake anaweza pia kuichukua simu hiyo saa tatu usiku na kulala nayo chumbani kwake. Kampuni za simu nazo ziangalie upya vifurushi vya usiku wa manane siku za masomo, na wakuu wa shule wapige marufuku kazi za nyumbani kutumwa kwa simu, kwa maandishi, ili mwalimu asiachiwe uamuzi huo peke yake.

Mimi tangu muhula huu uanze nimeacha. Maswali nayaandika ubaoni kabla ya kengele ya mwisho, yanakuwa machache, na asubuhi dakika kumi za kwanza kila mmoja anaeleza kwa mdomo jibu lake moja alilipataje. Zoezi la wiki iliyopita lilikuwa na makosa mengi kuliko lile la muhula uliopita, na nilikaa nalo hadi jioni kwa sababu kila daftari lilikuwa na makosa yake lenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga