Barua ya wazi kwa Waziri: tuambieni stima inakatwa lini

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya viwanda,

Salamu kutoka Kariobangi, hapa Nairobi. Nakuandikia kwa heshima, lakini subira imeniishia.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, stima ilipotea. Mimi natengeneza vifuniko vya mitungi kwa mashine mbili. Stima ikikatika ghafla, plastiki iliyoyeyuka huganda ndani ya bomba la mashine kama jiwe. Inabidi ungoje stima irudi, upashe bomba moto upya, uchomoe skrubu inayosukuma plastiki na kukwangua kwa fimbo ya shaba, polepole, maana ukitumia chuma umeharibu kila kitu. Stima ilirudi saa kumi na moja jioni. Tulikwangua hadi usiku wa manane, mimi na vijana wangu wanne. Lori la Kampala liliondoka Jumatano bila mzigo wangu. Alhamisi mteja akapiga simu, kwa upole kabisa, kwamba amepata vifuniko vya kutoka China.

Fundi aliyekuja kurudisha stima alisema yalikuwa matengenezo yaliyopangwa. Yalipangwa, Mheshimiwa! Nani aliambiwa? Pengine tangazo hutolewa mahali tusikopita. Pengine pia transfoma yetu imelemewa na haya maghorofa mapya. Sijui, mimi si mtu wa stima.

Tunahimizwa kila mara tuige Singapuri. Sawa. Ilipotengana na Malaysia mwaka 1965, hata maji ilinunua ng'ambo, jimbo la Johor huko Malaysia. Lakini kule Jurong, eneo lake la viwanda, barabara, maji na umeme vilitangulia, viwanda vikafuata. Morisi nayo ilipata uhuru 1968 ikitegemea miwa. Mwaka 1970 ikapitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje, ikashona nguo za kuuza Ulaya, na soko la nguo lilipobadilika ikajiongezea huduma za fedha na utalii. Watu wake hawafiki milioni moja na nusu. Nairobi peke yake, kwa sensa ya 2019, tulipita milioni 4. Kwa hiyo udogo si kisingizio, na wingi wetu haujatusaidia. Wenzetu walishika neno lao mwaka baada ya mwaka, hata mgeni akajua akiahidiwa kitu atakipata.

Sisi tuliahidiwa Desemba 2017, katika Ajenda Nne Kuu, mpango wa serikali ya Rais Uhuru Kenyatta, kwamba kufikia 2022 viwanda vitachangia asilimia 15 ya pato la taifa. Hata asilimia 10 hatukufika. Nilichukua mkopo wa mashine ya pili kwa kuamini ahadi ile. Bado naulipa.

Siombi ruzuku. Siombi hata stima ya bei nafuu, ingawa naihitaji sana. Naomba tujulishwe siku moja kabla ya kukatwa. Ujumbe wa simu unatosha. Nitasafisha bomba likiwa bado moto, nizime mwenyewe, niwaambie vijana waje usiku, na mteja nimwambie ukweli mapema.

Siku moja tu, Mheshimiwa. Mashine ya pili hadi leo haijafunguka.

Wako mtiifu,
Mwenye karakana, Kariobangi