Tuhesabieni saa za nchi kavu, si idadi ya bandari

Mhariri,

Makala yenu kuhusu safari za meli za kuzunguka dunia imesifu sana wingi wa bandari. Nimewahi kusafiri hivyo, na kwa maoni yangu hicho ni kipimo kibovu kuliko vyote. Mtu haoni nchi kwa idadi ya bandari, anaiona kwa saa alizokaa nje ya meli, na saa hizo ukizipiga hesabu ni chache kuliko zinavyoonekana kwenye matangazo.

Chukueni Bangkok. Kwenye ratiba utakuta imeandikwa hivyo hivyo: Bangkok, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Asiyejua huona saa tisa za kuzunguka mjini. Lakini meli kubwa za abiria huishia Laem Chabang, bandari ya makontena iliyo zaidi ya kilometa 100 kutoka Bangkok. Tena hiyo saa mbili ni ya kufunga kamba. Bado ngazi ishushwe, maofisa wa uhamiaji, forodha na afya wapande, karatasi zikaguliwe, ndipo kipaza sauti kitangaze kwamba ruhusa imetoka. Hapo ni saa mbili na nusu, pengine tatu. Basi linakula saa mbili kwenda, na jioni foleni ya magari haijali meli yako inaondoka saa ngapi. Abiria wanatakiwa wawe wamesharudi angalau nusu saa kabla ya meli kung'oa nanga, na waongoza watalii, kwa kuogopa lawama, huongeza saa nzima ya tahadhari. Toa chakula cha mchana, toa na kile kituo cha dukani ambacho hakuna aliyekiomba. Hazibaki hata saa mbili, kwa mji wa mamilioni ya watu.

Bangkok si peke yake. Roma ya kwenye ratiba ni Civitavecchia, Florence ni Livorno, Paris ni Le Havre, na Luxor ya Misri ni Safaga kwenye Bahari ya Shamu, ambako mabasi hukatiza jangwa zaidi ya kilometa 200 kufikia mahekalu. Sisemi bandari zenyewe hazina maana. Le Havre iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005 kwa jinsi ilivyojengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na anayebaki hapo hapo anaweza kutembea kwa miguu kutwa nzima bila kuchoka kutazama. Wengi hawabaki, kwa sababu waliahidiwa Paris.

Halafu kuna mahali pasipo na gati. Rapa Nui, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki chenye sanamu kubwa za mawe ziitwazo moai, hakina gati la meli kubwa, kwa hiyo abiria hushushwa kwa boti. Unapewa tiketi yenye namba, unaketi ukumbini hadi namba yako iitwe. Ukifika kwenye mlango wa ubavuni, karibu kabisa na maji, unaikuta boti inapanda na kushuka mbele yako. Baharia mmoja kila upande anakushika juu ya kiwiko, wanasubiri boti ilingane na kizingiti, wanasema "sasa", na wewe unakanyaga. Wazee wa miaka themanini hufanya hivyo kwa ujasiri kuliko vijana. Mawimbi yakizidi, nahodha anafuta ziara, na siku nyingi za bahari tupu zinaishia kwa kuitazama nchi kutoka sitahani. Kwa hilo simlaumu mtu.

Ninaowalaumu ni wapanga ratiba. Meli ya Laconia iliyoondoka New York Novemba 1922, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza kufanya safari ya kitalii ya kuizunguka dunia kwa mkupuo mmoja, ilichukua takriban siku 130 na kupita bandari 22. Leo kwa siku hizo hizo tunauziwa bandari 40, 50 na zaidi. Bahari haijapungua. Kilichopunguzwa ni muda wa kukaa.

Sababu zipo, na nyingine ni za haki. Kuondoka mapema kunaruhusu meli kwenda polepole, na mwendo una gharama: ukiupandisha kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika kwenye mitambo hupanda kwa takriban asilimia 30, na mafuta nayo hufuata. Sababu ambayo haisemwi ni kwamba kasino na maduka ya melini kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, kutokana na sheria za kodi na za kamari za nchi husika. Hufunguliwa tena meli ikishatoka kwenye maji ya nchi hiyo. Abiria anayekula chakula cha jioni mjini hatumii fedha zake melini. Sina ushahidi kwamba ratiba hupangwa kwa hesabu hiyo, ila sijawahi kuona meli ikichelewa kuyafungua maduka.

Muda ukibana hivyo, kosa dogo huwa kubwa. Machi 2024 abiria wanane waliachwa São Tomé, kisiwa kilicho magharibi mwa Afrika, baada ya ziara yao kuchelewa kurudi; walizunguka nchi kadhaa wakiifukuza meli hadi walipoipata Dakar, Senegal. Watu waliwacheka mitandaoni. Mimi sikucheka. Simu hujibadilisha zenyewe kufuata saa za nchi ilhali meli huweza kubaki na saa yake, na katika safari ya miezi minne saa hubadilishwa mara nyingi mno hata anayejiona makini huchanganyikiwa.

Na wafanyakazi wa melini je? Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unawapa haki ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya na ustawi wao, kadiri kazi zinavyoruhusu. Lakini katika kila bandari sehemu yao lazima ibaki kwa ajili ya dharura, na siku abiria wakiwa nje ndiyo ving'ora vya mazoezi ya moto na ya boti za kuokolea hupigwa. Anayepata nafasi ya saa mbili haendi kwenye mahekalu. Utamkuta kwenye ukuta nje ya lango la bandari, koti amelivaa juu ya sare, simu ameiinua usawa wa uso, na upande wa pili mtoto anamwonyesha pengo la jino lililong'oka. Bandari ikifupishwa, huyu ndiye anayekatwa kwanza.

Ninachowaomba si kikubwa. Mkichapisha tena ratiba za safari hizi, wekeni mbele ya kila bandari saa inayotarajiwa ya kushuka, saa ya mwisho ya kurudi, kilometa hadi kwenye mji uliotajwa, na kama watu wanashuka gatini au kwa boti. Kampuni zinazo taarifa hizo, ziulizeni. Bandari ambazo meli inalala usiku kucha zipeni alama ya pekee, kwa kuwa mimi niko tayari kutoa bandari tatu za mchana nipate moja ya kulala, na niliokuwa nikila nao meza moja walisema hivyo hivyo. Ikiwa nafasi gazetini ni finyu, ondoeni picha ya bwawa la kuogelea.

Msomaji wenu,
Abiria mstaafu