Laptop ya Hamisi

Temeke, 11 Januari 2026

Shoga yangu Zuhura,

Huku joto tu, mengine salama. Mama anakusalimu, anauliza lini utakuja umalizie ule ugomvi wenu wa bao.

Laki mbili yako imeingia, na inatosha. Tafadhali usikope uongezee ile mpya aliyoiona Hamisi dukani. Hizo mpya za bei ya chini nyingi zina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya GB 64 nayo imechomelewa hapo hapo. Ikijaa ndiyo imejaa.

Nimeamua nimuungie moja mwenyewe. Nimepata HP EliteBook 840 G1 mbili Kariakoo, zote maiti: moja kioo kimepasuka, nyingine imenyweshwa chai, bodi ikafa. Ninavyozipendea hizi, kitako hakitaki bisibisi. Unavuta kilimi pembeni, mfuniko wote unatoka kama wa sufuria. Nimehamisha kioo, sasa wafu wawili wametoa mzima mmoja.

Prosesa zake ni za Intel kizazi cha nne, za zamani, Windows 11 haizitaki. Unajua Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na maofisi ya nje sasa yanatoa hata za kizazi cha sita na cha saba zikiwa hazina kosa. Hizi za nne nani atazililia? Nitamwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia kazi zake. Atanung'unika wiki moja, halafu atazoea.

Juzi lakini nilitoka jasho. Nilinunua RAM mbili za GB 4, zikaingia vizuri, tak. Kuwasha, kimya. Kioo cheusi, taa ya Caps Lock inapepesa tu. Nikazitoa, nikazisugua meno kwa raba ya mtoto, nikarudisha, bado. Karibu saa mbili nzima ndipo nikasoma kibandiko: PC3. Bodi hii inataka PC3L, za volti 1.35, mimi nimebeba za 1.5. Umbo lile lile, mkato ule ule, tofauti herufi moja! Nilivyorudi kubadilisha, yule kijana akanicheka: "Hata wewe, mama?"

Hesabu yako: maiti mbili elfu tisini, RAM 28,000, SSD, yaani diski ya kuhifadhia, ya GB 120 elfu 35. Betri mpya elfu arobaini, na hapo sikutaka ubahili, maana moja ya zile za zamani ilikuwa imevimba kama andazi. Jumla 193,000.

Mwambie Hamisi kibandiko cha kampuni ya Kizungu kilichoko mgongoni asikibandue, kinaficha mkwaruzo. Naituma kwa basi Ijumaa, akaipokee stendi ya Kange, asichelewe kama kawaida yake.

Elfu saba iliyobaki naila mimi. Na msimu ukifika nataka machungwa ya Muheza, kiroba kizima.

Wako,
Rehema