Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: mdogo wangu naye ana arosto

Mheshimiwa Daktari, shikamoo.

Jumatatu iliyopita nilimpeleka mdogo wangu kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu, kwa sababu nauli alinichukulia usiku nikiwa nimelala. Tukaulizwa anatumia nini. Kokeini. Tukaambiwa hapa ni kwa watu wa heroini, kokeini haina arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, arudi nyumbani akajikaze.

Methadoni si dawa yake, hilo nimelielewa. Lakini kusema hana arosto si kweli, na wewe unajua. Tangu 1975, Hughes na Kosterlitz kule Aberdeen, Scotland, walipoitambua enkefalini, inajulikana kwamba ubongo hujitengenezea wenyewe kemikali za jamii ya afyuni, jamii ileile ya heroini. Kokeini huzivuruga. Dopamini, kemikali ya raha ubongoni, ikifurika kila siku, ubongo hujihami kwa kuongeza kemikali ya jamii ileile ya afyuni iitwayo dainofini, ambayo huibana ile dopamini. Kokeini inakatika, dainofini inaendelea kubana. Ndiyo maana hatapiki kama wa heroini. Anageukia ukuta siku tatu, hali chakula, hasemi, kisha anatoka kwenda kutafuta. Hiyo ndiyo arosto yake. Nimeiona miaka minne.

Cherehani imeuzwa. Vyombo vyangu vinalala kwa jirani. Mama alifariki akiamini mwanawe ana kiburi tu. Pengine kilichomwanzisha ni msiba wa baba, pengine ni wenzake wa kazi ya usiku, nimeshachoka kutafuta.

Mwaka jana, Mheshimiwa, ulisimama mbele yetu ukaahidi huduma kwa waraibu wote. Ulisema wote, nami nilipiga makofi.

Januari 2021 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio la watumiaji 403 wa methamfetamini, dawa ya kulevya inayochangamsha kama kokeini. Walijaribu naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni ubongoni, pamoja na bupropioni, dawa ya sonona. Walioitikia ni asilimia 13.6, dhidi ya 2.5 kwa waliopewa dawa bandia. Ni wachache, na kokeini si methamfetamini, kwa hiyo sidai dawa hiyo. Naomba mshauri nasaha mmoja, siku moja kwa wiki, kwa hawa wasiotumia heroini.

Jumatatu ile alikubali mwenyewe kwenda, bila kusukumwa. Tangu tulipofukuzwa hajanitazama usoni. Nipangie siku, Daktari. Siku moja tu, nimlete tena kabla hajakataa.

Ni mimi, dada yake.