Viwanja vina kufuli, sisi tuna ukuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba tenisi ni mchezo wa wenye nazo, na kwamba watoto wa Arusha waachiwe riadha na mpira wa miguu. Riadha sina ugomvi nayo. Mkoa uliomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, utaidharauje? Ila hilo la "wenye nazo" limenikwama kooni. Mimi ni fundi cherehani wa Ngarenaro, nina miaka 47, na kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi utanikuta ukutani, mtaa wa Unga Ltd, na raketi yangu ya mtumba.

Nikisema ukutani ni ukutani kweli. Ni ubavu wa ghala, mrefu, umepigwa plasta laini. Tumechora mstari wa chaki sentimita 91 kutoka chini, maana huo ndio urefu wa neti katikati ya kiwanja, na kila mtu anapiga juu ya mstari mara 20 mfululizo bila mpira kudunda mara mbili. Ukikosea, unaanza moja. Mimi ilinichukua miezi minne kufika 20. Mzee mlinzi wa pale huamshwa na kelele zetu. "Mama fundi, leo tena ngoma?" Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anasogeza kiti chake tusije tukamlenga.

Tuko kumi na wanne, watoto tisa na watu wazima watano. Anayetufundisha ni kijana aliyekua akiokota mipira kwenye viwanja vya wakubwa. Alijifunza kwa macho, akisubiri wachezaji waende kunywa soda ndipo naye ashike raketi. Anavyofundisha kuanzisha mpira, nimeelewa siku ile ile: "Mama, shika kama shoka la kupasulia kuni, usishike kama sinia la chai." Na kosa langu kubwa, la kuukimbilia mpira kabla haujafika, aliliponya kwa kunifanya niruke kidogo papo hapo, miguu yote miwili, kila mwenzangu anapotaka kupiga. Ukitua unakuwa tayari kwenda upande wowote. Siku za kwanza nilijiona kama kuku aliyekanyaga makaa, lakini sasa mipira ninayoifikia ni mingi kuliko inayonipita.

Kingine ni hiki. Neti ya tenisi haiko sawa. Kwenye nguzo ina sentimita 107, katikati sentimita 91. Wengi tunaoanza tunapenda kupiga moja kwa moja, sambamba na mstari wa pembeni, tunakoiona njia fupi. Huko ndiko neti iliko juu, na kiwanja kina mita 23.77 tu. Ukipiga kwa kukata kona, mpira unapita karibu na katikati palipo chini, na kutoka kona hadi kona ya kiwanja cha wachezaji wawili ni zaidi ya mita 25. Umeongezewa mita nzima na zaidi ya kukosea. Hilo halihitaji misuli wala ujana, na ndilo linalonipa nafasi ya kumfunga kijana wa miaka 20 siku moja moja.

Sasa nije kwenye mipira yenyewe, maana hapo ndipo hoja ya "wenye nazo" inapoanguka. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo mpira unasafiri haraka, na ule wenye upepo ndani unadunda juu kuliko ungedunda Dar. Kanuni za tenisi za dunia zinalijua hili. Zinataja mipira maalumu ya kuchezea sehemu zilizo juu ya mita 1,219, na mmojawapo hutakiwa ukae huko siku 60 au zaidi kabla ya kuchezewa ili uzoee. Siku 60! Mgeni anayepanda Kilimanjaro tunampa sita au saba. (Wenzetu wa Moshi mjini wako chini ya mita 1,000, mpira unawatii. Wakija huku wasijisifu mapema.)

Mpe mtoto wa miaka minane mpira mpya kutoka kwenye kopo, hapa Arusha, uone. Unamruka kichwani, anaupunga kama anafukuza nyuki, na wiki ya pili harudi. Ile mipira mizee tunayogawiwa na wachezaji wa klabu, iliyokwisha upepo, ndiyo inayomfaa. Inadunda hadi kiunoni na inampa muda wa kujipanga. Hata wakubwa wa tenisi wameshakubali hivyo, maana tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa njano wa kawaida. Wanatumia mwekundu ulio taratibu kwa asilimia 75, kisha wa chungwa asilimia 50, kisha wa kijani asilimia 25, na wadogo kabisa wanacheza kwenye kiwanja cha urefu wa mita 11 hivi. Shule zetu za msingi nyingi zina uwanja wa netiboli. Humo vinaingia viwanja vinne vya namna hiyo, vikilazwa kwa upana, na neti ikawa kamba iliyotundikwa kanga. Tumejaribu, na kanga ilikuwa yangu.

Kwa hiyo kuanza kunahitaji ukuta, chaki na mipira iliyochoka. Kuendelea ndiko kunakohitaji kiwanja, na hapo ndipo tunapokwama.

Kipo kiwanja cha saruji cha taasisi moja, sitaitaja, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka ukutani kwetu. Nimekipita kwa miaka mingi. Geti lina kufuli lililoshika kutu, ufa uliopo kwenye mstari wa nyuma umeota nyasi, na neti imelala kama nguo iliyoanguka kambani. Tuliandika barua, tukaambiwa tulete muhuri wa kikundi. Tuliposajili na kupata muhuri, tukaambiwa mhusika yuko safari. Tangu masika yaliyopita bado yuko safari. Sidai kwamba wana roho mbaya. Nadhani hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba kiwanja kisichochezewa kinaharibika haraka kuliko kinachochezewa, kwa sababu hakuna anayeng'oa nyasi.

Angella Okutoyi wa Kenya alilelewa na bibi yake, mfanyakazi wa shule moja ya Nairobi yenye viwanja vya tenisi. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili, ngazi ya vijana, kule Wimbledon. Bibi yake hakuwa na nazo. Viwanja vilikuwa pale tu, na mtoto akaachwa aingie.

Tunachoomba ni Jumamosi na Jumapili asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu, wakati hakuna ofisi inayofanya kazi. Ufunguo utakaa kwa mlinzi wao. Nyasi tutang'oa sisi, na ufa tumeshapata mwashi wa kuuziba, ni baba wa mmoja wa watoto.

Neti nitaishona mimi. Nimeichungulia kupitia wavu wa uzio, nyuzi zake nyingi bado ni nzima, kilichooza ni utepe mweupe wa juu. Unatakiwa kuwa wa mita 12.8 kutoka nguzo hadi nguzo, na turubai jeupe la kutosha nimeshalikata, limekunjwa chini ya meza ya cherehani.

Mama fundi,
Ngarenaro, Arusha